Siku moja maishani mwangu: fundi AC wa Mkuyuni na makopo mawili ya Mwalimu

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua geti la gereji, hapa Mkuyuni. Dogo ameshafika, anafagia. Gari la Mwalimu, ka-Toyota kadogo keupe, limelala hapa tangu jana jioni, na nimelilaza makusudi. Gari likija moto kutoka barabarani, geji zinakudanganya. Likilala likapoa mpaka chuma, linasema kweli.

Nafunga geji, ya bluu upande wa presha ndogo, nyekundu upande wa presha kubwa. Injini imezimwa. Kipimajoto kinasoma nyuzi 22. Kwa joto hilo R134a, gesi ya kupoza ya AC, ikiwa peke yake ndani ya mfumo, hapa Mwanza sindano zinatakiwa zitulie kwenye psi 75 hivi (psi ni kipimo cha presha), gesi iwe imejaa sawasawa au imezidi. Zimetulia kwenye 95. Hiyo 20 ya ziada si gesi, ni hewa. Hewa haiingii yenyewe kwenye mfumo uliofungwa. Kuna mtu ameifungulia mlango.

Saa 2 Mwalimu anashuka kwenye bodaboda. Alilala kwa binti yake Butimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mwalimu, hii gesi ulijaza mwenyewe?"

Anacheka kidogo, kisha ananionyesha kidole gumba. Ngozi ya juu imebabuka, nyeupe kama imepakwa chokaa. Hapo akasimulia yote. AC ilikuwa imepungua nguvu, akaona video, akanunua makopo mawili ya gesi yenye kipaipu, bila geji. Akafikiri kama oili ya injini: unamwaga ya zamani kwanza, ndipo unaweka mpya. Basi akang'oa kile kisindano cha valvu, gesi ikatoka yote, akaacha wazi usiku kucha "ili iishe kabisa". Asubuhi akarudisha kisindano, akawasha gari, akamimina kopo la kwanza huku mkono wake mwingine uko kwenye tundu la dashibodi anasikilizia baridi. La pili lilipokaribia kuisha kipaipu kikachomoka kikampiga kidoleni. R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikigusa ngozi inaunguza kama pasi.

Sikumcheka. Mtu aliyefundisha hesabu miaka yote hiyo lazima ajaribu mwenyewe. Ila kitu kimoja nilimwambia palepale: gesi ya AC haizeeki. Haichakai wala hailiwi na injini. Inazunguka tu, inageuka maji kwenye kondensa (ile rejeta ya AC kule mbele ya gari), inageuka mvuke kule ndani, inarudi. Ikipungua, imevuja. Ile aliyoimwaga usiku ule haikuwa na kosa lolote.

Halafu nikamuuliza swali ambalo video haikumuuliza. "Kabla hujagusa kitu, ukiwa unakimbia barabarani ilikuwa inapoa?"

"Vizuri tu. Nikisimama ndiyo inaleta joto."

Nikamwangalia dogo, dogo akaniangalia mimi.

Saa 3 tunanyonya gesi. Sisi tuna mashine, ya zamani lakini inafanya kazi, na gesi inaingia kwenye mtungi uliokaa juu ya mzani. Mafundi wengi wanaachia hewani. Mwaka 2016, hapo Kigali tu, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za ukoo huu, maana kilo moja ya R134a inapasha dunia kuliko kilo 1,000 za kaboni dayoksaidi. Mzani ukasimama kwenye gramu 610. Kibandiko chini ya boneti kinasema 450.

Watu hudhani gesi ikizidi, baridi nayo inazidi. Ni kinyume chake. Kondensa inajaa maji ya gesi, inakosa nafasi ya kutoa joto, presha inapanda, swichi inakata kompresa, pampu ya gesi, kabla haijapasuka kitu. Ongeza na ile hewa, ambayo haikubali kugeuka maji. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa anapata baridi dakika moja, kisha "tak", joto.

Saa 4, feni ya kondensa. Nikachomeka waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Nikagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka nusu mzunguko ikafa. Kaboni zimeisha. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote tangu mwanzo: gari likikimbia upepo unapoza kondensa, likisimama hakuna wa kuipuliza. Mota tu. Na kondensa yenyewe uso umeziba kwa vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kwa mawingu kama moshi. Mwalimu anavuka daraja la Kigongo–Busisi usiku, taa zimewaka, anawakusanya. Nikaiosha kwa maji ya taratibu, maana mapezi yake yanalala ukiyapiga kwa presha.

Katikati hapo ikaja Noah ya mkanda. Dakika 20, ikaondoka.

Saa 6 na nusu, mota ya mtumba imefungwa, draya mpya, kile kikopo cha kunyonya unyevu, imefungwa (ya zamani ilishalewa unyevu usiku ule wa valvu wazi), oringi mpya, oili ya kompresa, PAG, mililita 30 kufidia iliyotapakaa kwenye boneti la Mwalimu. Tunawasha pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa yote kutoka kwenye mfumo. Dogo anaikazia macho geji.

"Kaka, pampu imechoka. Imegoma kwenye inchi 26 za zebaki. Kwenye video inafika 29."

Nikamwelekeza ziwani. Ziwa lile liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na gereji iko juu ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi, hakuna 29 ya kuvuta. Hiyo aifuate Dar.

Saa 7, umeme ukakatika. Kwa kawaida ningetukana. Leo nilikimbia kufunga koki za geji, tukaenda kula sato kwa mama ntilie. ("Mwadila, mama." Kwa sisi Wasukuma ukianza hivyo kipande kinakuwa kikubwa.) Tulirudi baada ya dakika 45, sindano haijacheza hata nukta. Hakuna panapovuja; kipimo cha kuvuja tumekipata bure.

Saa 9 umeme umerudi, tukavuta tena nusu saa, kisha nikajaza kwa mzani. 200, 300, 400. Gramu za mwisho naziingiza kidogokidogo kama chumvi. Ilipofika 450 nikafunga. Injini ikiunguruma, gari limesimama juani: bluu 32, nyekundu 205, kipimajoto kwenye tundu la katikati nyuzi 7. Feni inavuma.

Mwalimu alitaka kopo lake la pili, lile lenye mabaki. "Nimelinunua," akasema. Nikampa.

Saa 11 jioni nikiwa nanawa mikono kwa sabuni ya unga, simu ikaita. Nyuma yake nasikia honi na makondakta wa stendi ya Nyegezi.

"Fundi, niko kwenye foleni. Nimesimama robo saa nzima."

"Na AC?"

"Nimefunga vifungo vya shati."