Bayogesi imewaka Julai hii: kumbukumbu za mtambo wetu huku milima ya Uporoto, Mbeya

Imewaka! Tumepika maharage mpaka yakaiva, moto wa bluu mwanzo hadi mwisho, katikati ya Julai, na nje nyasi zote nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Mliopo Makete, Njombe au Mufindi mnajua furaha yangu inatoka wapi. Mtambo huuhuu kila mwaka ikifika Juni ulikuwa unazima polepole: mwanzo unatosha chai na uji, baadaye hata maji ya kuoga hayachemki, mwisho tunarudi kwenye kuni hadi Septemba.

Ni kuba la matofali la mita za ujazo 6 lililofukiwa udongoni, ambamo bakteria hugeuza tope la kinyesi na maji kuwa gesi ya kupikia. Linalishwa na ng'ombe wawili wa maziwa wa bandani. Ujenzi wake siuelezi hapa.

Kila fundi aliyekuja alisema kuba linavuja. Mmoja alitaka tufukue udongo wote apige lipu upya, gharama juu yetu. Sikukubali, kwa sababu kuna kifaa ninachokiamini kuliko vyote hapa nyumbani: mpira wa levo wa mafundi ujenzi, nimeukunja ubaoni kama herufi U, nikatia maji ya rangi na kuuunga kwenye bomba la gesi, ili gesi iyasukume maji juu. Jioni unafunga koki zote. Gesi ikiwa inatoroka, asubuhi utakuta maji yameshuka. Ya kwangu yalikuwa yamepanda, ila kwa kiasi kidogo mno. Basi gesi haitoroki, haizalishwi! Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna kiputo hata kimoja. Karatasi ya litmasi ikaonyesha tope halina asidi. Ng'ombe nao hawakuwa wamechomwa antibiotiki, maana dawa zile hupita kwenye kinyesi na kuua bakteria wa mtambo. Ikabaki baridi peke yake.

Kipimajoto cha maziwa, kile cha kioo, nilikifunga kamba nikakizamisha kwenye shimo la kutokea tope. Digrii 16. Bakteria wanaotengeneza methani, gesi yenyewe inayowaka, hustawi kwenye digrii 35 hivi, na chini ya 15 kazi yao karibu inasimama. Vipeperushi vingi husema mtambo ukiwa chini ya ardhi unapata joto la kutosha. Ardhi ya kina cha mita mbili huwa na joto linalokaribia wastani wa mwaka wa mahali penyewe. Kwa mtu wa Kyela hiyo ni neema. Kwetu huku juu, wastani wenyewe ni baridi.

Na sisi kila alfajiri tulikuwa tunaizidisha. Kinyesi kilo 40 na maji ya bomba lita 40, mchanganyiko una digrii 9, unamiminwa kwenye tope la lita kama 4,500. Piga hesabu: kila mlo unaondoa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya digrii kwenye tope zima, siku baada ya siku, msimu wote wa baridi. Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inakupa matumaini. Mlo wa digrii 30 unaongeza karibu robo ya digrii. Kwa hiyo sasa maji yanakaa kwenye pipa jeusi juani, kinyesi kinafunikwa kwa nailoni nyeusi, na tunalisha saa nane mchana. Julai yetu ina jua kali na mbingu safi, tatizo ni usiku.

Maji nayo tumepunguza. Badala ya lita 40 tunaweka lita 20 hivi, sehemu yake ikiwa mkojo wa ng'ombe unaotiririka toka sakafu ya banda. Zamani kinyesi kilikaa ndani siku 56 hivi kabla ya kusukumwa nje, sasa kinakaa 75, na baridi inadai muda huo. Mchanganyiko usiwe mzito kupita kiasi lakini, ukikwama kwenye bomba la kuingizia utajuta.

Hata hivyo joto liliendelea kutoroka. Jibu lilitoka kwa bibi jirani yetu, aliyesimama akalitazama kuba akasema, "Mwanangu, ng'ombe umemzibia upepo, hili tumbo lake jingine umeliacha wazi?" Wiki hiyohiyo nikafuata maganda ya mpunga Igurusi, kwenye mashine za kukoboa. Hayaozi haraka, hayapitishi joto kwa urahisi. Udongo wa juu ya kuba sikuugusa, uzito wake ndio unaozuia gesi isilipasue kuba. Juu ya udongo na kuzunguka pande zote nikapanga mboji: mabua ya mahindi, majani mabichi, samadi, nikinyunyizia tope linalotoka mtamboni. Juu yake ndipo yakaja maganda. Mboji ikipata hewa na unyevu hufika digrii 60, mkono hauvumilii ndani. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika mtamboni, joto linapita kwenye udongo kwa mwendo wake. Kisha kipimajoto kikaanza kupanda, sasa kinasoma 22, na maji ya mpira wa levo yanagusa alama ya juu ya ubao.

Kuna wanaonishauri kuhamia mtambo wa mfuko wa plastiki. Ni rahisi kununua, mchana unapata joto vizuri, lakini usiku wa sakitu unapoa wote kwa mara moja, na mvua ya mawe ya huku haiuachi. Bila kuujengea kitalu nyumba, mimi sishauri.

Mpango uliofuata ulikuwa mfereji wa kupeleka tope kwenye kabichi na viazi. Umechimbwa nusu, na nusu utabaki, kwa sababu wiki iliyopita niliweka trei ya mbegu za nyanya juu ya maganda, usiku nikiifunika. Zimeota! Huku, mwezi huu, mbegu za nyanya huoza ardhini kabla ya kuchipua. Kama miche itakuwa tayari Agosti mwisho, tutawahi soko kabla ya wengine wote wa kitongoji. Hoho nazo nimezitia jana. Nailoni ya kitalu nimeiona Mwanjelwa, mbao za fremu nakata kesho, na mboji inahitaji kugeuzwa upande wa mashariki maana imeanza kupoa.