Alinitafuta kwa Bidii Akanipata

Somo: 2 Timotheo 1:15–18

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Onesiforo anatajwa mara mbili tu katika Biblia, zote katika barua hii moja, na hakuna hata neno moja alilolisema yeye mwenyewe lililoandikwa. Alitumika Efeso. Siku moja akawa Rumi, kwa shughuli gani hatuambiwi, na akiwa huko akaanza kumsaka rafiki yake Paulo aliyekuwa kifungoni. Hebu iwazieni kazi hiyo. Rumi ya wakati ule inakadiriwa kuwa na watu wapatao milioni moja. Mgeni hakuwa na simu ya kupiga, na kuulizia habari za mfungwa wa serikali ya Kaisari kulitosha kumtia mtu mashakani. Zamani Paulo aliwahi kukaa mjini humo miaka 2 katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomwendea (Matendo 28:30). Safari hii ilibidi atafutwe. Nami huwa nawaza ni milango mingapi Onesiforo aliibisha akaambiwa hayupo, hatumjui, na bado akaenda kwenye mlango mwingine.

Alimtafuta kwa bidii, akampata. Lakini kabla ya kusema hivyo Paulo anatanguliza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: "wala hakuuonea haya mnyororo wangu." Watu wa Asia, jimbo la Kirumi lenye mji wa Efeso, walikuwa wamemwepuka, tena ndio watu wa upande ule ule alikotoka Onesiforo. Yeye aliuona mnyororo akakaa, na akarudi tena na tena, maana Paulo anasema alimburudisha mara nyingi.

Nikiwa safarini nchi ya mbali niliwahi kukutana na rafiki wa ujana wangu katika stesheni ya treni. Tulikuwa tumepoteana miaka mingi. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijaiona sura, nikamwita kwa jina lile la utotoni. Alikuwa anasafisha sakafu. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli, ila mkono wake mmoja ulikwenda kwenye kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni, akakigeuza, jina na picha vikaangalia kifua. Nilikiona kitendo hicho na sikukitaja. Zamu yake ilipokwisha tukaketi kwenye benchi, na taratibu akaanza kufunguka. Aliachishwa kazi nzuri aliyoiendea. Kila simu iliyotoka nyumbani ilikuwa na shida inayohitaji hela, naye hana. Kisha baba yake akafariki, na yeye hana makaratasi, akitoka, harudi. Hakwenda kuzika. Baada ya msiba ule akabadilisha namba. "Ningewaambia nini?" akaniuliza, na sikuwa na jibu la kumpa. Tuliomba pale pale, sauti za kutangaza treni zikipita juu yetu.

Marafiki wengi walionyamaza ughaibuni hawakutusahau. Wamefungwa na kitu wanachokionea haya, iwe ni deni, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, au kazi ambayo hawakuitaja nyumbani. Mtu wa namna hiyo ukimpata ukaanza na lawama, kwamba mbona ametutupa, mbona ameringa, anajifunga tena mbele ya macho yako. Na ukianza na maswali ya mafanikio, amejenga wapi, ana gari gani, unamkazia mnyororo ule ule. Kaa naye kwanza. Muulize kama amekula, amelala, anaabudu wapi.

Wala tusidhani kwamba kumtamani rafiki ni udhaifu wa kiroho. Paulo alifika Troa akakuta mlango wa Injili umefunguliwa, na bado roho yake haikutulia kwa sababu hakumkuta Tito, mtenda kazi mwenzake. Akaaga, akaenda Makedonia (2 Wakorintho 2:12–13). Huko nako alikuta taabu kila upande, mpaka Tito alipotokea. Paulo anaandika kwamba Mungu, "mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito" (7:6). Faraja ya Mungu ilishuka safari hiyo ikiwa na miguu iliyochoka na habari za ndugu wa Korintho.

Huenda wiki hii kuna jina limekujia uliposoma haya. Ulizia. Anza na dada yake, na mtu waliyeimba naye kwaya, na kanisa la wageni katika mji aliokwenda, maana mara nyingi huko ndiko watu wetu hujulikana. Kama una safari ya kwenda upande huo, tenga nusu siku kwa ajili yake. Usipompata, omba kwa kumtaja jina. Na kama wewe ndiwe uliyenyamaza huko uliko, ujue kwamba Paulo mwenyewe hakuona haya kuomba aletewe joho lake na kumwambia Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Andika ujumbe mmoja, kwa mtu mmoja.

Tuombe. Bwana Yesu, unajua alipo kila mmoja wa wale tuliopoteana nao, na unajua alichokula leo. Waliofungwa na aibu wafungue. Wasio na makaratasi wafanyie njia. Walioshindwa kuzika wazazi wao wafariji wewe mwenyewe. Utupe miguu ya kuwafuata na kinywa kisicho na lawama tutakapowapata. Amina.