Hakuna Pakiti, Mjukuu Wangu

Jana nilikuwa nafua sare za binti yangu. Amerudi likizo na begi zima la nguo chafu, kama kawaida yake. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, nikatoa karatasi ya biskuti. Ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikabaki ndogo kama ukucha. Nikaikunjua taratibu. Biskuti za ngano, zenye krimu ya chokoleti katikati. Nilisimama nayo mkononi mpaka maji yakafurika beseni na kunilowesha miguu.

Sijamwuliza. Hata sasa ninapoandika, yeye yuko sebuleni anacheka na simu, na mimi sijamwuliza. Tangu jana nimekuwa nikiwaza kinu cha bibi yake kule Kyela.

Habari za tumbo la huyu mtoto ni ndefu, sitazisimulia zote. Tuliambiwa minyoo, amiba, taifodi, minyoo tena. Miaka 6, kilo 14, damu inashuka kila tukipima. Kisha kile kipimo cha damu, na ile kamera iliyopitishwa kooni mpaka utumbo mdogo, na daktari aliyetuchorea kwenye karatasi vinyweleo vya utumbo: vya mtu mwenye afya vimesimama, vya mwanangu vimelala chini kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Ugonjwa wa siliaki. Adui ni gluteni, ile protini inayofanya donge la ngano livutike ukilikanda. Imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Dawa hakuna, alisema daktari. Dawa ni kuacha, maisha yake yote, hata chembe.

Kichwani kwangu zilipita slesi za mkate. Kila asubuhi kwa miaka minne nilimpaka mtoto siagi kwenye mkate na kumsimamia amalize, apate nguvu.

Wiki ile nilisoma usiku kucha. Ndipo nikakutana na habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kipupwe cha 1944 kuingia 1945 nchi yake ikapigwa na njaa, mkate ukaadimika, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu katikati ya njaa ile. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nililia niliposoma hapo. Niliwalilia akina mama wa watoto wale, jinsi walivyofurahi siku mkate uliporudi mezani.

Basi nikajifunza. Nikatupa miko yote ya mbao na chujio la unga. Nikakataa chipsi za mtaani, maana mafuta ni yaleyale yaliyokaangiwa maandazi na sambusa. Kila pakiti iliyoingia nyumbani niliisoma mbele na nyuma. Alipotimiza miaka 7 nikaamua kumtengenezea vidonge vya chokoleti kwa mikono yangu mwenyewe: unga wa mchele nilioukaanga, karanga za kusaga, siagi, na ule unga wa kinywaji cha chokoleti uliokuwa kabatini tangu tulipooana. Kopo lile sikulisoma. Nimelijua tangu utoto, nililinywa kwenye kikombe cha bati kwa mama yangu, ningelisoma la nini?

Alikula vidonge sita, akanikumbatia. Kabla ya saa nne usiku alikuwa anatapika, na aliendelea mpaka akawa anatapika maji matupu. Kulipokucha nikalitoa kopo kabatini nikasoma. Kimea cha shayiri. Kilikuwa mwanzoni kabisa mwa orodha, hakikufichwa.

Kuanzia siku ile mtoto akawa na swali lake. Ukimpa kitu chochote cha kula, anakishika kwanza, anakutazama usoni: "Mama, umesoma pakiti?" Wengine walilisikia kama utundu wa kitoto. Kwangu lilikuwa kama kidole kinachobonyeza pale penye kidonda, kila siku.

Desemba 2017 tukaenda Kyela, Krismasi na mwaka mpya kwa wazazi wa baba yake. Safari sitaisimulia, anayeijua barabara ile anajua unavyofungua dirisha ukishaivuka Tukuyu na baridi yake, joto la Ziwa Nyasa linakupokea unaposhuka. Nitasema tu kwamba nilikwenda ukweni na sufuria yangu, mwiko wangu na ndoo ya unga yenye mfuniko, nimeviviringisha kwenye khanga mbili. Ninyi mlioolewa mnajua maana yake. Ni kama kumwambia mama mkwe kwamba chungu chake kichafu. Nilikuwa nimeandaa maelezo tangu Mbeya mjini. Alipokea mzigo, akafunua khanga, akatazama, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, akavipangia kichanja chake peke yake, juu, mbali na vyombo vingine. Maelezo yangu yakabaki mdomoni.

Siku mbili baada ya Krismasi mtoto alikuwa anatimiza miaka 8. Asubuhi ile mama mkwe aliniuliza mjukuu wake anapenda nini.

"Chokoleti, mama. Lakini za dukani naogopa, na zile zilizoandikwa kwamba hazina gluteni ni ghali, na huku hazipo."

"Inatengenezwa na nini hiyo?"

"Na kokoa."

Akanyamaza. Tulikuwa tumekaa barazani, na mbele yetu, juu ya turubai, kokoa ilikuwa imeanikwa. Mama yule amelima kokoa kabla mume wangu hajazaliwa. Anajua kuivundika kwenye sanduku chini ya majani ya migomba, siku sita hivi, akiigeuza, mpaka ule utelezi mweupe unyong'onyee na mbegu zibadilike rangi. Anajua kuianika na kuikimbiza ndani mvua ikinusa. Ada za watoto watano zilitoka kwenye miti ile. Magunia yalipimwa, yakapakiwa, yakaondoka. Chokoleti alikuwa hajawahi kuionja.

Akainuka, akainama kwenye turubai, akachota mikono miwili iliyojaa, akamimina kwenye ungo. Akachota tena. "Hizi zimeshakauka vizuri," akasema. "Nionyeshe."

Kusema kweli sikujua zaidi ya nilichosoma. Tulikoka moto mdogo, tukaweka kikaango, tukakaanga mbegu kama unavyokaanga karanga, bila kuacha kukoroga. Kwanza zilitoa harufu ya siki, ile ya kuvundikwa, nikadhani tumeharibu. Baadaye ukaja mlio, moja hapa, nyingine kule, maganda yanapasuka. Na harufu ikageuka. Watoto waliokuwa wanacheza chini ya mwembe wakaja mmoja mmoja wakasimama mlangoni, hawaulizi kitu, wananusa.

Tulimenya mpaka vidole vikawa vyeusi. Mama akapeta, maganda yakaruka uani kuku wakayakimbilia. Kilichobaki kwenye ungo kilikuwa vipande vya kahawia iliyokolea, vikavu, vinavyovunjika ukivibana. Akavimimina kwenye kinu.

Kile kinu nilikiuliza habari zake kwa aibu. Kimetwanga nini? "Mpunga," akasema, "na mahindi, na karanga. Ngano hapa nani ana shamba la ngano?" Nikashusha pumzi.

Tukatwanga kwa zamu. Mwanzoni mchi ulikuwa unalia juu ya vitu vikavu, vumbi linapanda puani. Ukawa unga wa kawaida, kama wa kahawa. Mikono iliniuma, nikampa mama mchi, akaendelea na mapigo yake yaleyale yasiyo na haraka. Nikamwona amesimama. Akainamia kinu, akachungulia.

"Umetia maji?"

"Hapana, mama."

"Mbona pamelowa?"

Nikachungulia na mimi. Ule unga ulikuwa unang'aa. Pembeni ulikuwa umeshaanza kushikana, katikati mchi ulipopita pameacha shimo laini lenye mng'aro, na shimo lenyewe lilikuwa linajifunga taratibu mbele ya macho yetu. Nilikuwa nimesoma kwamba karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kokoa ni mafuta, lakini kusoma ni kitu kingine. Hatukuwa tumeongeza tone la kitu. Mama akachovya kidole cha shahada, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, uji mweusi ukateremka mpaka kwenye kifundo. Akasema polepole, akitazama kile kidole wala si mimi: "Miaka yote hii, na ilikuwa humu ndani."

Alilamba. Akakunja uso, maana kokoa bila sukari ni chungu sana. Halafu akalamba tena.

Sukari tuliitwanga pia, isibaki chengachenga. Hapo ndipo tulipokosea. Mama, akitaka kuulainisha, alitia maziwa kidogo, kama kijiko, na uji wetu wote ukakaza kwa mara moja, ukawa mgumu kama ugali wa jana. Nilitaka kulia. Yeye akapasha maziwa yaliyobaki, akawa anamimina kidogokidogo huku akisonga kwa ule mwiko wangu niliotoka nao Dar, na baada ya muda ukalegea tena, laini kuliko mwanzo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo ilivyo: maji machache huikaza chokoleti, mengi huilegeza. Yeye hakuwa amesoma popote. Alisonga tu.

Tukachanganya karanga tulizozikaanga na kuzitwanga, na unga wa mchele wa palepale Kyela, ambao nao tuliukaanga mpaka ukanukia. Tukafinyanga vidonge, tukavipanga kwenye sufuria, sufuria tukaiweka kwenye beseni la maji ya kisima vipate kushikana, maana friji hakuna na joto la Kyela la Desemba halina simile. Jioni vilikuwa vimeshikana vya kutosha. Si vizuri kwa macho. Vimepinda, vingine vina alama ya kidole cha mama.

Tukamwita mwenye siku yake. Akakaa kwenye mkeka, akachukua kidonge kimoja, akakishika. Nilijua kinachokuja. Akanitazama.

"Mama, umesoma pakiti?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na la kusema. Kwa mara ya kwanza tangu lile kopo sikuwa na cha kusoma, na badala ya kufurahi niliingiwa na hofu ileile, kama nimesahau kitu.

Bibi yake ndiye aliyejibu. Alikuwa anaosha kinu, hakugeuka haraka.

"Pakiti ya nini?"

"Ya chokoleti, Bibi."

"Hakuna pakiti, mjukuu wangu." Akafuta mikono kwenye khanga, akamshika bega, akampeleka mpaka mlangoni. "Mti wenyewe ule pale."

Mtoto akautazama ule mti. Matunda ya kokoa huota kwenye shina lenyewe, na jua la jioni lilikuwa limeyapiga, ya njano na mengine mekundu, chini ya kivuli cha migomba. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliutazama kama anavyotazama daktari picha. Kisha akarudi mkekani, akala, na hakuuliza tena usiku ule.

Mama mkwe naye alichukua kimoja. Alikitafuna kwa muda, akameza. "Kumbe ndiyo hii," akasema. Hakuongeza neno, na mimi sikuthubutu kumwuliza anaionaje.

Usiku sikulala. Nilikuwa nasikiliza pumzi za mtoto ndani ya chandarua, nimeweka ndoo karibu. Saa sita, saa saba, kimya. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kitanda kinalia, na sauti ya chini: "Amelala?"

"Amelala, mama."

"Haya. Na sisi tulale."

Kumbe naye alikuwa macho muda wote ule.

Sasa ana miaka 15 na yuko bweni, na nimejaribu kukumbuka ni lini aliniuliza mara ya mwisho kama nimesoma pakiti. Sikumbuki. Swali lile lilikoma bila mimi kujua, kama mtoto anavyoacha kushika mkono wako barabarani. Daktari alituonya kwamba akikua anaweza kula ngano asihisi chochote, na utumbo ukaendelea kuharibika kimyakimya. Hilo nalijua. Ninachoshindwa kujua ni nani aliyekula ile biskuti: binti asiyejali, au binti aliyechoka kuwa peke yake kila wenzake wanapofungua pakiti ya kugawana. Na labda nilimfundisha kuogopa tu, na hofu ina mwisho wake.

Asubuhi nilimpigia bibi yake. Sikumtajia biskuti. Nilimwuliza kama kuna kokoa imeanikwa.

"Ipo," akasema. "Anakuja?"

Nikamwambia nitamwuliza. Karatasi nimeikausha, iko chini ya kitambaa cha meza, na huko sebuleni bado anacheka.