Nauli ya Mahindi Yangu Mwenyewe

Makambako, Jumapili jioni, mwezi wa Juni.

Lori liliondoka leo alfajiri kuelekea Dar es Salaam likiwa na magunia 100 ya mahindi ya shamba la bondeni, ambayo ndiyo yaliyotangulia kukauka mwaka huu. Baridi imeshika tangu juzi, na nimekaa karibu na jiko la mkaa nikiwa na madaftari mawili mezani: la kijani ni la shamba, jeusi ni la lori. Watu wanaonifahamu hudhani kwamba nina biashara moja yenye matawi mawili. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi, na imani hiyo ilinigharimu kuliko ukame wowote niliowahi kuuona.

Marehemu baba alikuwa na duka dogo, na ukutani aliandika kwa rangi nyekundu maneno ambayo kila mwenye duka aliyapenda wakati ule: mali bila daftari hupotea bila habari. Niliyasoma kila siku nikiwa mtoto, nikadhani kwamba daftari linalosemwa ni lile la wadeni, yaani majina ya watu waliochukua sukari na sabuni kwa mkopo. Haikunijia kwamba mdeni anaweza kuwa shamba langu, na anayemdai akawa lori langu.

Fuso hilo nililinunua likiwa limekwisha kutumika sana, kwa fedha za mahindi ya misimu mitatu. Lilinipa heshima mapema. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka wakati ambapo maghala yalikuwa yanajaa, na majirani zangu wengi waliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ada za shule hazimsubiri mtu. Mimi nilikuwa na lori lililoniletea fedha kila wiki kwa kubeba viazi na mbao za watu wengine, kwa hiyo mahindi yangu yalikaa ghalani mpaka njia zilipofunguliwa tena. Nilijiona mwerevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na bahati, na nilichojifunza kutokana na bahati hiyo kilikuwa nusu ya somo: kwamba lori linaweza kulibeba shamba. Nusu ya pili, yaani kwamba shamba nalo linaweza kulinyonya lori bila kelele, niliipata miaka michache baadaye nikiwa nimesimama kando ya barabara.

Ilikuwa msimu wa 2021 kwenda 2022, bei ya mbolea ilipopanda kiasi kwamba watu walikuwa wakiuliza dukani, wakanyamaza kidogo, kisha wakaondoka. Ruzuku ya serikali ilikuja msimu uliofuata, lakini wakati huo haikuwepo. Mvua zilikuwa zimeanza na mbegu iko ndani ya nyumba, na mkulima hawezi kuiambia mvua irudi baadaye. Nilikuwa nimetenga fedha za matairi ya nyuma. Nikazitoa, nikanunua DAP, mbolea ya kupandia, nikajiambia kwamba matairi yale bado yangevumilia miezi miwili.

Hayakuvumilia. Mwezi wa Februari, lori likiwa limejaa viazi, tairi moja lilipasuka kabla ya kuanza kuteremka mlima Kitonga, na tairi la akiba nalo lilikuwa kipara. Nashukuru kwamba lilipasuka juu na si kwenye kona za mteremko, kwa maana hapo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa, au nisingekuwa na moyo wa kuandika. Tulikaa siku mbili. Viazi havijui kusubiri: vikibanwa ndani ya magunia, chini ya turubai, kwenye joto, huanza kutoa maji na harufu, na gunia moja likioza huambukiza yale yanayoligusa. Tulipofika soko la Mabibo, Dar es Salaam, mnunuzi alipapasa magunia ya chini, akatikisa kichwa, akataja bei ambayo sikuwa na nguvu ya kuibishia. Mzigo ulikuwa wa mteja, na hasara niliilipa mimi. Mbolea niliyoinunua kwa fedha za matairi ilikuwa imegeuka kuwa mbolea ya bei ghali kuliko zote wilayani.

Niliporudi ndipo nilipofanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku nilipolinunua lori. Fuso lina matairi sita. Kwa bei niliyolipia mimi, tairi moja ni shilingi 600,000, na kwa barabara zetu na mizigo yetu hunitembelea kilomita 60,000. Hiyo ina maana kwamba kila kilomita moja hula shilingi 60 za matairi, hata kama siku hiyo hakuna pancha wala mtu anayenidai chochote. Safari ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, kilomita 1,300 hivi, hula shilingi 78,000 kimya kimya. Bado sijataja oili, breki, springi na posho ya dereva.

Kisha nikajiuliza swali lililoniumiza zaidi: nilipobeba mahindi yangu mwenyewe, nani alilipa hizo 78,000? Hakuna aliyelipa. Miaka yote hiyo nilikuwa nayapeleka mahindi yangu sokoni nikisema yamesafiri bure kwa sababu lori ni langu, na kwa hiyo shamba lilionekana lina faida nono huku lori likionekana gari bovu lisilokwisha kudai vipuri. Nilikaribia hata kuliuza. Nilipoandika upya hesabu za misimu mitatu na kulitoza shamba nauli ileile ambayo ningemtoza jirani, ekari zangu nane za mlimani zilionekana hazijawahi kunipa faida hata mara moja. Nilikuwa nazipenda kwa sababu zinaonekana kutoka barabarani. Sasa nimeziachia miti.

Tangu hapo shamba hulipa nauli. Fedha hutoka kwenye akaunti moja na kuingia nyingine, na dada yangu hunicheka akisema kwamba najitoza mwenyewe kama mwendawazimu. Tabia nyingine nilizo nazo ni ndogo na hazina utamu wa kusimulia: Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati, inapotangaza bei kikomo za mafuta, narekebisha nauli siku hiyohiyo, na hakuna gunia linalopakiwa kabla ya mahindi kupimwa unyevu, kwa kuwa juu ya asilimia 13.5 ninakuwa nabeba maji na kusafirisha ukungu.

Kuhusu upakiaji, mwalimu wangu ni dereva wangu, mzee mwenye umri wa kunizaa, ambaye huniita mama nami humwita baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba lori linaweza kuwa ndani ya uzito wote unaoruhusiwa na bado likakwama kwenye mizani ya barabarani, kwa sababu sheria inaangalia pia kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, peke yake, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho wake ni tani 10. Vijana wanaopakia hupenda kulundika nyuma kwa kuwa ndiko karibu na mlango. Mara ya kwanza tulishusha magunia 14 na kuyapanga upya mbele, usiku, kwa taa ya simu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu gunia lililovimba halisemi uzito wake mpaka lifike kwenye mizani, na kwa hiyo mimi hulikataa hata kama mteja ananuna.

Simu imelia sasa hivi, saa mbili na robo usiku. Ni dereva, amevuka mizani ya Mikese, mkoani Morogoro.

"Nyuma ni tani tisa na mia nane, mama. Nalala Chalinze."

"Haya baba, umekula?"

Amekula. Nimeandika 9.8 kwenye daftari jeusi, na kwenye la kijani nimeandika nauli ambayo shamba litalipa kesho benki zikifunguliwa.