Mawe Sita ya Naguru

Mikono ilimwishia bondia wangu raundi ya tatu. Miguu ilikuwa bado inamsikia, ila ngumi zilitoka kama za mtu anayefukuza nzi, na mpinzani aliligundua hilo kabla yangu. Ilikuwa Lugogo, Kampala, mwaka 2014, na kosa lilikuwa langu. Miezi mitatu nilikuwa nikimkimbiza kila alfajiri, kutoka kambi ya polisi Naguru hadi Kiwatule na kurudi, kama nilivyokimbizwa mimi nikiwa kijana. Bondia wa ridhaa ana raundi 3 za dakika 3. Humo anafyatua ngumi kwa sekunde 5, pengine 10, anazunguka, anafyatua tena. Mimi nilikuwa nimemwandalia mbio za masafa.

Basi nikageuka upande wa pili kwa pupa. Nilikuwa nimesoma kuhusu utafiti wa Izumi Tabata wa Japani, wa mwaka 1996: sekunde 20 za nguvu zote, 10 za kupumzika, mara saba au nane. Nikaubeba mzima mzima hadi kilimani. Watu wa utafiti ule walikuwa juu ya baiskeli ya maabara. Kijana wangu alikuwa anapanda udongo mwekundu uliolowa mvua, kila asubuhi, wiki mbili mfululizo.

Jumatano moja, mzee mmoja koplo mstaafu, aliyewahi kupigana ngumi enzi zake, alisimama na kikombe chake cha chai akitutazama.

"Mwalimu, huyu unamfundisha kupigana au unamfundisha kuchoka?"

"Mzee, haya ndiyo mazoezi ya kisasa."

"Haya. Weka jiwe kila anapofika."

Nikaweka. Jiwe la kwanza lilikuwa juu, karibu na nguzo ya umeme. La nne halikufika hata nusu ya njia. Nilichokiita mazoezi ya anaerobiki, yaani ya nguvu za ghafla zisizongoja oksijeni, kilikuwa kujikokota tu, tena kwa maumivu.

Nilichokuwa nakijua kwenye karatasi kikanijia pale pale. Nguvu ya ghafla hutegemea akiba ndogo iliyo ndani ya misuli, fosfokreatini, nayo kwa juhudi kamili huelekea kwisha ndani ya sekunde 10 hivi. Nusu yake hurudi baada ya kama nusu dakika. Kukaribia kujaa huchukua dakika 3 hadi 5. Sekunde zangu 10 hazikumrudishia kitu cha maana.

"Keti," nikamwambia.

"Kocha, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Keti."

Alipumzika hadi akaweza kuzungumza bila kuhema. Kisha tukaanza upya: sekunde 10 za kupanda, dakika 3 za kushuka taratibu na kusimama. Mara sita. Mawe yote sita yalikaa chini ya nguzo, jirani jirani. Mzee aliyapita akiyagusa kwa ncha ya kiatu, moja baada ya jingine, akarudi kwake.

Jioni nilichora ratiba upya, nikianza kujaza safu ya mapumziko. Jumanne kilima. Ijumaa begi: raundi 3 za dakika 3, kila nusu dakika filimbi na sekunde 10 za ngumi kali, kisha dakika 1 ya kupumzika kama ulingoni. Mbio ndefu sikuzifuta. Ndizo zinazomrudishia pumzi kati ya shambulio na shambulio, na makocha waliozitupa kabisa naona walipotea njia kama mimi. Nikazipunguza zikabaki Jumapili tu. Kijana aliposikia Kiwatule bado ipo, aliguna, akachukua kalamu akaiandika mwenyewe.