Rupia ya elfu themanini

Rupia ya enzi za Mjerumani niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 80,000 ilikaa mfukoni wiki nzima kabla sijapata moyo wa kumwonyesha mtu anayejua. Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mshahara unaisha kabla mwezi haujafika katikati, na juu ya hayo nimeshikwa na ugonjwa mpya wa sarafu za zamani.

Ugonjwa wenyewe niliupatia nyumbani Temeke, kwenye mtoto wa meza ya cherehani ya mama. Nilikuwa natafuta kifungo cha shati, nikaibuka na senti 20 ya mwaka 1966, Nyerere upande mmoja, mbuni upande wa pili. Mama aliicheka: "Hiyo sasa hata ukiidondosha njiani hainami mtu kuiokota." Mimi nikaitia kwenye pochi. Haukupita muda nikapata na sumni yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Kisha nikataka ya Mjerumani.

Aliyekulia Tanzania anazijua hadithi hizi. Mjerumani kafukia mali chini ya mbuyu, rupia ina zebaki, rupia inavuta mchele, kuna Mwarabu hotelini anainunua kwa mamilioni. Nilikuwa nazicheka. Lakini yule dalali wa Kariakoo alikuwa mpole, ananiita mdogo wangu, na hakunilazimisha kitu. Alifungua karatasi yenye mchele kiganjani mwake, akausogezea ile sarafu, na naapa punje tatu zilitikisika. Nimesoma hadi kidato cha sita, na punje tatu za mchele zilinitoa elfu themanini.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kisutu kwa sonara mmoja mzee ambaye mama alimpelekea hereni zake miaka mingi. Kibanda chake kilimtosha yeye na mzani wake tu. Mteja unasimama mlangoni, jua la mgongoni linakuchoma, na harufu ya asidi inakupiga puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta ya kuyeyusha au ya kuuliza?"

"Ya kuuliza."

"Ya kuuliza bure. Lete."

Nilidhani atavaa miwani aisome. Hakuitazama hata uso. Alichomoa chini ya meza sumaku nyeusi ya spika ya redio mbovu, akaishusha taratibu juu ya rupia yangu. Haijafika, rupia ikaruka yenyewe ikaganda: tak!

"Ya kweli ni madini ya fedha, na fedha haishikwi na sumaku," akasema, kama mtu anayesema mvua inalowanisha. Akaibandua kwa kucha, akaiweka kwenye mzani. Gramu 8.9. Akavuta kopo, akatoa rupia nyingine, nyeusi kidogo, akaiweka palepale. Gramu 11.6. "Mjerumani alizipima sawa na rupia ya Kihindi, 11.66. Hii imelika kidogo kwa kupita mikononi. Ya kwako imepita mikono gani hadi ikaliwa karibu gramu tatu?"

Kisha akazilaza zote mbili kiganjani mwangu, nione mwenyewe. Ile yake ilikuwa na Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu, na ingawa imechakaa, masharubu yalikuwa masharubu, yamesimama kivyake. Ya kwangu masharubu yalikuwa yamemezwa na shavu, kama sabuni iliyolala majini. Nikaigeuza pembeni: mstari mwembamba umeizunguka, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Wiki nzima nimeishika kila usiku na sikuuona ule mstari. Mwisho akaidondosha yake kwenye ubao wa meza, ikalia, na ikaendelea kulia. Akadondosha ya kwangu. Tko. Basi.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililonifanya nibaki pale mlangoni. Nikamwomba aniuzie ile ya kweli, nikadhani lazima atafurahi. Akairudisha kwenye kopo.

"Unapata mshahara kiasi gani?" Nikamtajia. "Basi usianze na rupia. Nunua kwanza mzani mdogo, ule wa kupimia dhahabu. Rupia zitakusubiri."

Akanieleza amezipataje. Watu walikuwa wanamletea sarafu za marehemu wazazi wao azigeuze bangili, kwa sababu rupia moja ina karibu gramu 10.7 za fedha safi. Nyingi aliziyeyusha. Zilizomtia huruma alilipa bei ya uzito wake akazitia koponi. Shilingi za simba za mkoloni Mwingereza hakuwa na hamu nazo sana kama sonara, maana hata zile za kabla ya Vita vya Pili zina robo tu ya fedha, na za kuanzia 1948 hazina kabisa. Na mtu akikuletea ile ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa karakana ya reli Tabora mwaka 1916? "Mwambie asante, ushike njia yako."

Halafu akamimina mezani kopo la pili, la maziwa ya unga. Senti za tundu, nyingi bado zimetungwa kwenye kamba ya katani vilevile mwenyewe alivyozihifadhi. Nikaokota moja ya senti 10, mwaka 1936, jina la Edward wa Nane. Moyo ukanidunda. Nilishaelezwa habari zake na yule dalali: mfalme aliyeacha kiti kabla mwaka haujaisha, Uingereza kwenyewe hawakuitoa hela yenye jina lake, kwa hiyo iliyopo Dar ni moja, bei laki mbili.

Mzee akachota kwa vidole vitatu, akanipangia mezani. 1936, 1936, 1936. Kumi na moja. "Za Afrika Mashariki zilishapigwa, zikaja, watu wakanunulia nazi. Hazina sura ya mtu, zina tundu, nani angehangaika kuzirudisha? Elfu mbili kila moja. Hadithi yake nzuri, lakini hadithi siuzi."

Nikachagua tano. Moja akaninyang'anya. "Hii imesuguliwa limau na majivu. Inang'aa, lakini ngozi yake imeondoka. Chukua ile chafu." Nikamlipa elfu kumi, nikapata ujasiri wa kuuliza: nikizirudisha mwezi ujao?

"Elfu moja mia tano. Na mimi nile. Hilo swali muulize kila mtu anayekuuzia."

Nikatoka Kisutu kwa miguu, jua la saa nane, hadi Kariakoo. Kurudishiwa pesa yangu sikukutegemea, maana risiti ya nani? Lakini lile swali lilikuwa linaniwasha ulimini.

Dalali alikuwepo kwenye kimeza chake kilekile, saa mbovu upande huu, noti za zamani upande ule. Hakunikumbuka. Nadhani tulikuwa wengi. Nikamsalimia, nikamwekea rupia mezani, nikasema nina shida, nataka kuiuza.

Aliishika mara moja tu. Akaipindua, akapitisha kidole pembeni, palepale kwenye ule mstari.

"Aa, mdogo wangu, wamekupiga. Hii ya kumwaga kwenye kalibu, si ya Mjerumani. Nani kakuuzia?" Akasikitika kweli, kichwa kikaenda huku na huku. "Kwa kukuonea huruma, nikupe elfu tatu."

"Wiki iliyopita ilikuwa inavuta mchele," nikamwambia.

Ndipo akaninyanyulia macho.