Zamu ya Mwongoza Ngamia

Ndani ya Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayahudi uliokamilika karibu mwaka 200, kuna orodha ambayo mke yeyote wa dereva wa malori ataisoma mara mbili. Inapanga haki ya mke kitandani kwa kuangalia kazi ya mume. Asiyebanwa na kazi, kila siku. Kibarua, mara 2 kwa wiki. Mswaga punda, mara 1 kwa wiki. Mwongoza ngamia, mara 1 kwa siku 30. Baharia, mara 1 kwa miezi 6. Dereva wa semitrela wa Dar–Lubumbashi, kama mume wangu, hayumo, ila mimi nimeshamweka kwa ngamia. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikigoma kabisa, namhamishia kwa mabaharia.

Deni ni la mume, hapo ndipo niliposhikwa. Mimi niliwekwa ndani nikafundwa namna ya kumpokea mwanamume. Yeye hakuna aliyemkalisha kumwambia anadaiwa. Kumbe Torati, Kutoka 21:10, inaihesabu haki hiyo pamoja na chakula na nguo.

Nilidhani watu wa Kabala, elimu ya siri za Mungu ya Kiyahudi, wangeikimbia habari hii. Wapi! Katika karne ya 13 huko Hispania iliandikwa Barua Takatifu, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya rabi maarufu Nachmanides. Wasomi wengi siku hizi hawakubali. Mwandishi anambishia waziwazi Maimonides, rabi na mwanafalsafa, kwa kuwa huyo aliafikiana na Aristotle kwamba hisi ya kugusa ni aibu kwa binadamu. Anajibu kwamba Mungu hakuumba kiungo cha aibu: mkono unaonakili Torati una heshima, na mkono huohuo ukiiba unachukiza. Halafu anamgeukia mume. Usiku wa Sabato, yaani Ijumaa. Asiwe na papara. Aanze na maneno ya kumvuta moyo, mengine ya mahaba, mengine ya uchaji. Asimlazimishe, wala asimwendee wakiwa wamenuniana. Hilo la mwisho ningelibandika kwenye kioo cha lori.

Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, nayo ina neno kwa wasafiri. Mume aombe kabla ya kuondoka, na Shekina, uwepo wa Mungu, utafuatana naye njiani ili asiwe mpweke. Akirudi ni wajibu wake kumfurahisha mkewe, maana ni kwa ajili ya mke huyo alipata mwenzi wa safari. Nilimsomea baba watoto kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mama Neema, huyo Shekina ana pasipoti? Hapa wananikagua mpaka chini ya kiti."

Kuhusu kuishinda tamaa, Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kisa ninachokipenda kuliko mahubiri niliyoyasikia. Watu waliiomba tamaa itiwe mikononi mwao, wakaifunga siku 3. Wakatafuta yai bichi la siku hiyo Israeli nzima, wasipate: bila tamaa hata kuku hatagi. Wakaiachia, ila wakaipofusha macho kwanza.

Kingine hakinikai vizuri. Kinatoka kwa Rabi Isaka wa Akko, na aliyekihifadhi ni Elijah de Vidas wa Safed, karne ya 16. Mzururaji alimwona binti mfalme akitoka kuoga, akaugua kwa kumtamani. Binti akamjibu, "Makaburini," akimaanisha wakifa watakuwa sawa. Yeye akadhani kapewa miadi. Akaenda akakaa huko, siku hadi siku akiwaza uzuri wake, mpaka mawazo yakauacha mwili yakashikamana na Mungu. Akawa mtakatifu, watu wakimfuata kuombewa. Rabi Isaka anasema asiyewahi kumtamani mwanamke ni kama punda, au chini yake.

Sawa, ila binti mfalme alipata nini? Mzururaji amefika mbinguni kwa ngazi ya uzuri wa mtu ambaye hata jina hakumuuliza. Afadhali mwongoza ngamia: harufu ya safari inamnuka, lakini siku ya 30 amebisha hodi nyumbani na anajua anadaiwa.

Wangu amesema wakimwachia kesho, Ijumaa ijayo yuko Dar. Watoto nimeshawaambia wataenda kulala kwa bibi yao.